Nilimsingizia mama vitumbua, kisa kimashine cha kupima hewa

Mtoto wangu wa pili, Nasra, ana pumu. Mwaka juzi kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu tulimkimbiza hospitali usiku mara tatu, na ile mara ya tatu nilikuwa nimempakata kwenye bajaji, kifua chake kimeegemea changu, nasikia kinavyopiga filimbi mpaka dereva akawa anageuka kumwangalia yeye badala ya barabara. Walipomwekea mashine ya mvuke akatulia, daktari, binti mdogo tu, akaniuliza huku anaandika, baba nyumbani mnapikia nini? Nikajibu gesi. Nilijibu haraka na kwa kujidai kidogo, maana siku hizi kusema unapikia gesi ni kama kusema una choo cha ndani. Akaandika gesi, tukapewa dawa, tukaondoka. Hilo jibu langu nitalirudia huko mbele.

Kichwani kwangu mshtakiwa alishajulikana. Tunakaa Mabibo, sio mbali na barabara ya Mandela, na anayeijua Mandela hahitaji maelezo, malori ya kutoka bandarini kwenda Zambia, Kongo na Rwanda yanapita hapo, foleni inasimama injini zinaunguruma tu, likiondoka moja linakuachia wingu jeusi unakohoa mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Na sio kwamba nilibuni, mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu ambavyo havina ubishi kwamba vinaleta saratani. Kwahiyo kwangu kesi ilishaisha, ni lori. Nilichokuwa nataka ni ushahidi, nimwambie mama Nasra tuhame.

Sasa mi ni fundi simu, nina kibanda changu, na fundi akitaka ushahidi anatengeneza. Kuna watu wa Stuttgart huko Ujerumani waliweka mchoro mzima na programu bure mtandaoni tangu 2015, unanunua sensa inaitwa SDS011, unaiunganisha na kibao kidogo cha saketi chenye waifai, unatia ndani ya bomba la maji lililopinda ili mvua isiingie, basi, una kipimo chako. Nikaagiza vitu kutoka China, nikasubiri wiki tano, nikavichomelea jioni moja kibandani huku wateja wanalalamika simu zao hazijaguswa.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Ndani kuna kifeni kinavuta hewa, hewa inapita mbele ya mwanga wa leza, chembe ya moshi au vumbi ikipita inatawanya ule mwanga, pembeni kuna jicho linasoma mwanga uliotawanyika afu linakadiria kwenye mita moja ya ujazo wa hewa kuna mikrogramu ngapi za hizo chembe. Zile zinazoogopwa zaidi ndo zinaitwa PM2.5, yaani zenye upana wa mikromita 2.5 kushuka chini, na unywele wa kichwani una kama 50 mpaka 70, kwahiyo chembe ishirini na zaidi zinajipanga kwenye upana wa unywele mmoja na nafasi inabaki. Lakini naomba ulishike hilo neno, linakadiria. Mi sikulishika.

Siku ya kwanza nakiwasha ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Nimekaa sebuleni, namba zinakuja vizuri kwenye simu, 31, 29, 33, nikawa najisikia mwanasayansi. Ghafla 140. 480. 999.9. Ikaganda hapo hapo 999.9. Nikajua nimeunganisha vibaya, nikazima, nikafungua, nikakagua kila waya, nikawasha tena, 999.9. Nainua kichwa namuona mama Nasra anapita na chetezo, anafukiza udi kama kawaida yake ya kila wiki, mpaka kwenye mapazia, mpaka kabatini kwa nguo za watoto. Hiyo 999.9 ndo mwisho wa sensa, juu ya hapo haina namba nyingine ya kusema.

"Sasa hiyo mashine yako inasema udi ni uchafu?"

Sikujibu. Ndoa ina miaka kumi na mbili, kuna vitu unajifunza.

Kesho yake nikaenda barabarani kumkamata mshtakiwa wangu. Nilikaa kituoni External saa nzima, kimashine kwenye kikapu na pawa benki yake, muuza karanga akaniuliza kama tunapima barabara ipanuliwe wabomolewe. Nikapata 60, 70, 85, lori likipita karibu inaruka mpaka 200 afu inashuka. Nikafurahi kabisa, yaani ukiniona ungedhani nimeshinda beti. Shirika la Afya Duniani, mwongozo wao wa 2021, linasema wastani wa siku nzima usizidi 15, na wa mwaka mzima usizidi 5 (kabla ya hapo ilikuwa 25 na 10, walipoona madhara yapo hata huko chini wakashusha). Sasa mi nina 70. Nikarudi nyumbani kama mwendesha mashtaka.

Nilifika kama saa kumi na mbili na nusu jioni, kimashine bado kinawaka ndani ya kikapu. Nyumba yetu ni ya kupanga, vyumba sita, familia nne, korido moja katikati. Hiyo korido ndo jiko, ndo sebule ya wageni wa haraka, ndo uwanja wa watoto mvua ikinyesha. Nimeingia tu simu ikasema 430. Majiko mawili ya mkaa yanawashwa, moja linawashiwa na kipande cha ndala iliyokatika, moshi mweusi ule mzito wenye harufu ya mpira, na Nasra yuko hatua tatu kutoka hapo amekaa chini anacheza vizibo na mwenzake. 520. 610. Na jiko la pili, naomba nisifiche, lilikuwa la kwetu.

Maana gesi tunayo, mtungi wa kilo sita, huo sio uongo. Ila gesi ni ya chai, mayai na kupasha kiporo. Maharage ni mkaa. Makande ni mkaa, maji ya kuoga mtoto mkaa, wageni wakija mkaa. Nani anachemsha maharage saa tatu kwa gesi ya kununua? Kwahiyo yule daktari nilimpa jibu la kwenye picha, sio la jikoni.

Usiku ule nilikaa na kalamu na ndo kitu nilichojifunza ambacho mpaka leo naona ni cha maana kuliko mashine yenyewe. Nikachukua ile 15 ya siku nikazidisha mara saa 24, nikapata 360. Nikaiita bajeti ya siku. Kila saa unayovuta hewa unakatwa kiasi. Nasra anaenda shule kwa miguu, Mandela anaivuka dakika kama kumi kwenda na kumi kurudi, ukipiga 70 kwa theluthi ya saa hata 25 haifiki. Korido saa mbili kila jioni kwa 400 ni 800, yaani bajeti ya siku mbili na zaidi imeliwa kabla ya chakula cha usiku. Lori linatisha kwa sababu linaonekana, ni jeusi, ni kubwa, lina kelele, na sio la kwako. Jiko liko chini ya miguu yako, hata hulioni. Mtu mwingine hesabu yake itakuwa tofauti kabisa, trafiki anayesimama Ubungo kwa masaa nane au muuza maji wa kwenye foleni, huyo bajeti yake inaliwa na lori kweli. Ndo maana nikiona watu wanataja namba moja ya Dar es Salaam nzima huwa nauliza, hiyo ni pua ya nani?

Kwahiyo hatukuhama. Nikasema ngoja nikiweke nje dirishani kipime mwezi mzima, nijue hewa ya mtaa. Hapo ndo nilipoharibu.

Ilikuwa masika imekolea. Nikaona kitu cha ajabu kwenye grafu, kila siku kuanzia saa tisa usiku namba inapanda, saa kumi na moja inafika 90, 110, saa mbili asubuhi inashuka. Kila siku, kama kengele. Sasa nani mtaani yuko macho saa kumi alfajiri na anawasha moto? Mama vitumbua. Anakaanga hapo nje, mita kama kumi na tano kutoka dirisha letu, kwa kuni za mabaki ya mbao anazochukua kwa fundi seremala. Mtu mzima, umri wa mama yangu, amekuwa hapo miaka kumi na tisa na vitumbua vyake tunakula wote. Nikaenda kumwambia. Nilimwamkia shikamoo kwanza, hilo nilifanya, afu nikamfungulia grafu kwenye simu nikamweleza kwa sauti ya kitaalamu kwamba moshi wake ndo unaingia chumbani kwa mwanangu mwenye pumu. Walikuwepo wateja. Na jioni nikaenda kwa mjumbe nikamwonyesha na yeye.

Mama wa watu hakubishana. Alihamisha jiko lake mpaka upande wa pili wa uwanja karibu na karo la maji machafu, wateja wakapungua, na kwa siku nne nikawa nafungua grafu kwa hamu nione inavyoshuka.

Haikushuka hata kidogo. Siku ya tano mama vitumbua alikwenda msibani Mkuranga, hakuwasha moto kabisa, na saa kumi na moja alfajiri grafu ikaandika 118.

Nikaanza kusoma karatasi ya ile sensa, kitu nilichopaswa kufanya kabla ya kuchomelea. Imeandikwa wazi inafanya kazi kwenye unyevu wa hewa usiozidi asilimia 70. Dar es Salaam, masika, alfajiri! Hapo unyevu unapita 90 shuka zenyewe zinalowa kwenye kamba bila mvua. Chembe za vumbi na moshi na chumvi zinakunywa maji zinavimba, leza inaona kitu kinene inasema uchafu mwingi. Na kukiwa na ukungu kabisa inahesabu matone ya maji. Ile mitambo mikubwa ya maabara huwa inapasha hewa joto ikauke kabla ya kupima, changu kinavuta ilivyo. Nikanunua kisensa cha unyevu, nikaweka mistari miwili kwenye grafu moja, ikapanda pamoja ikashuka pamoja kama pacha. Nilipotoa saa zote zenye unyevu mwingi, hewa ya dirishani ilikuwa 20, 25, jioni ya kuchoma taka 60. Baadae nikasoma kwamba wale jamaa wa AirQo, mradi wa kupima hewa pale Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, walitengeneza vya kwao vinavyovumilia vumbi na joto la huku kwetu, wakavifunga mpaka kwenye bodaboda, na bado wanavisawazisha kwa kuviweka jirani na mtambo mkubwa wa uhakika. Wao wanafanya hivyo. Mi nilitoka kwenye kuchomelea nikaenda moja kwa moja kwa mjumbe.

Kuomba radhi sikufundishwa na mashine yoyote. Nilikwenda saa kumi na moja na nusu, kabla wateja hawajajaa, nikamwambia mama nilikosea, kilichokuwa kinapanda ni umande. Akaendelea kugeuza vitumbua, hata hakuniangalia.

"Kwahiyo mashine yako inaona umande inasema moshi."

"Ndio mama."

"Na mjumbe umeshamwambia?"

Nikasema nitamwambia leo. Akasema, sawa, afu akanifungia vitumbua vitano akakataa hela, na hiyo iliniuma kuliko angenitukana.

Lakini nilikuwa na kimashine mkononi, na kulikuwa kumekauka siku hiyo, nikakishika pale usawa wa uso wake, alipoinama kwenye chungu na ule moshi unamwingia machoni. 700 na kitu. Kikaganda juu juu hivyo. Kumbe kwangu dirishani haufiki wa maana, upepo unautawanya, unaoufaidi ni yeye mwenyewe, miaka kumi na tisa, saa tatu kila siku. Nikamuuliza kifua vipi, akasema kifua cha uzee tu, anakohoa asubuhi afu kinafunguka, na presha anayo.

Presha nilikuwa sijui inaingiaje hapa. Mi nilidhani moshi kazi yake ni mapafu, kukohoa, pumu, basi. Ndo nikasoma kwamba zile chembe ndogo hazikomei puani wala kooni, zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu pale hewa inapokutana na damu, zinawasha mwili mzima kama kidonda kisichopona, mishipa inakakamaa, damu inakuwa rahisi kuganda. Shirika la Afya Duniani limekadiria mwaka 2020 moshi wa majumbani ulihusika na vifo vya watu milioni 3.2, na ukichambua, moyo na kiharusi peke yake ni zaidi ya nusu. Vingine ndo nimonia, hasa ya watoto wadogo, na mapafu kuziba, na saratani ya mapafu. Sisi mtaani mtu akianguka na kiharusi tunasema presha, chumvi, mawazo, amerogwa. Sijawahi kusikia msibani mtu anasema jiko.

Mwezi wa tano akaja mama mdogo wake mama Nasra kutoka Korogwe, tukampa chumba cha watoto. Usiku mmoja mvua inanyesha haisemeki, korido inavuja, akaona makande yake yasiharibike, akaingiza jiko chumbani, mkaa umeshashika vizuri mwekundu, hauna hata moshi, akafunga mlango akalala (watoto siku hiyo walilala kwetu, namshukuru Mungu mpaka leo). Asubuhi kichwa kinampasuka, anatapika, miguu haina nguvu. Malaria hiyo. Kupima, hakuna malaria.

Kimashine changu kilikuwa mle ndani usiku kucha. Nikafungua grafu kwa mbwembwe nimwonyeshe mama Nasra. 28. Usiku mzima 26, 28, 30.

Ningekuwa mtu wa kuamini namba ningesema chumba kilikuwa safi. Ila fundi kibandani jirani, aliyewahi kufanya kazi ya jokofu melini, akaniambia wewe unapima moshi, mkaa uliowiva unaua kwa gesi. Kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, leza haiioni kwa sababu sio chembe, na kwenye damu inaishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwahiyo damu inazunguka haijabeba kitu. Wale watu tunaosikia kila mwaka wamekutwa wamekufa chumbani na jiko, sio moshi uliowaua. Nikatafuta king'ora cha hiyo gesi, nikaweka jiko lenye mkaa mwekundu kwenye chumba kitupu, nikafunga mlango nikachungulia dirishani. Kikapita 100 na muda si mrefu kikaanza kulia mpaka wapangaji wakatoka. Hiyo ilisaidia kuliko maneno yangu yote ya mwaka mzima, maana kila mtu aliona jiko zuri jekundu lisilo na moshi linapigiwa kelele. Mama mdogo akasema, "Mwanangu, si ningerudi Korogwe kwenye sanduku."

Baada ya hapo nikawa na adabu na kimashine. Nikajua kinachoona na kisichoona. Kwa hayo malori nayo nikalegeza ubishi, kwa sababu nilisoma habari ya mtoto wa London, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alikuwa na pumu kali, nyumba yao karibu na barabara kubwa ya magari, alifariki mwezi wa pili 2013 ana miaka tisa tu. Mama yake akapambana mpaka Desemba 2020 mahakama ya uchunguzi wa vifo ikatamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, na kilichotajwa sana hapo ni gesi ya naitrojeni dayoksaidi ya magari. Gesi tena. Kimashine changu pale External kilisema 70 na nikaizidisha kwa dakika ishirini nikajiona nimemaliza, kumbe nilikuwa napima nusu ya lori. Tangu hapo Nasra anapita njia ya ndani, ya kwenye vichochoro, inachelewesha dakika nne.

Chumbani kwao ndo kulikuwa na kingine. Nilikiweka kimashine juu ya kabati wiki nzima ya kiangazi, unyevu mdogo, na kila usiku kuanzia saa tatu mpaka saa nane ilikaa juu ya 200. Hakuna jiko, hakuna udi. Ile dawa ya mbu ya kuzunguka, ya kuchoma. Tulikuwa tunamwashia mtoto mwenye pumu, chini ya kitanda, dirisha tumefunga ili ifanye kazi! Kuna utafiti ulichapishwa 2003 wa dawa za hivyo za China na Malaysia, waliona moja ikiungua mpaka mwisho inatoa chembe za PM2.5 sawa na sigara 75 mpaka 137. Niliposoma hiyo nilifunga simu nikaenda nje kidogo. Sasa mbu nao wana malaria, huwezi kusema acha tu, tukanunua chandarua kipya maana cha zamani kilikuwa na matundu ya kupita ndege, na nyavu dirishani. Dawa ya kuchoma ikatoka.

Na mkaa? Hatujauacha, nisidanganye. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia 2024, lengo ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia, naombea ifike, ila leo maharage ni ya leo. Tulichofanya ni vitu vya kishamba kabisa, maharage yanalowekwa usiku kucha yanaiva nusu ya muda, jiko linawashiwa uani upande wa upepo na haliingii koridoni mpaka lishike, ndala na mifuko marufuku kuwashia, na saa za kuwasha watoto wanakuwa kwa jirani wanaangalia katuni. Familia tatu zimekubali. Ya nne, baba mmoja wa chumba cha mwisho, anasema amekua kwenye moshi na hajafa. Anawashia ndala mpaka kesho.

Udi upo. Tulifika muafaka wa chetezo kukaa kibarazani nguo zitundikwe juu yake, chumba cha watoto kirukwe.

Nasra tangu hapo amebanwa usiku mara moja tu, tena alipokuwa na mafua. Lakini kipindi hicho hicho tulirudi kliniki wakatubaini kwamba ile dawa ya kupuliza ya kila siku, ya kuzuia, tulikuwa tumeiacha akionekana mzima, tunabaki na ile ya bluu ya kutuliza tu, wakatugombeza na tukairudisha. Kwahiyo mama Nasra anasema kilichomsaidia ni dawa, mi nasema ni moshi, na hakuna kati yetu anayeweza kumshinda mwenzake kwa sababu tulibadilisha vyote kwa pamoja.

Mwezi uliopita kimashine kilianza kunipa namba nzuri sana. 6. 5. 4. Siku tatu mfululizo, mchana na usiku. Nikaona sasa mambo yamekubali, mtaa umebadilika, nikamfuata mama vitumbua (amesharudi mahali pake pa zamani, tulikwenda kulimaliza kwa mjumbe mimi na mke wangu) nikamwonyesha, mama, ona, hewa ya Mabibo imekuwa kama ya Lushoto. Akanyanyua uso, akavuta hewa puani mara mbili. Nyuma ya nyumba ya jirani walikuwa wanachoma taka, na nepi ndani yake.

"Baba Nasra," akasema, "hebu kifungue hicho kitu chako."

Nikakifungua pale pale kwenye benchi lake. Kwenye kale kampira ka kuvutia hewa kulikuwa na buibui, amejenga utando umejaa mpaka ndani, na feni imesimama, imechoka au imekabwa na vumbi, sijui. Mama vitumbua alicheka mpaka akashika mbavu, akakohoa, akacheka tena, afu akaanza kumsimulia mteja aliyefuata tangu ile siku ya umande.